Kiti Kitupu cha Daraja la Biashara: Apewe Mfanyakazi wa Shirika au Abiria Mwaminifu?

Ndege aina ya Boeing 787-8 ya Kenya Airways ina viti 30 vya daraja la biashara na viti 204 vya daraja la kawaida. Ndege ya aina hiyo hiyo ya Air Tanzania ina viti 22 mbele na 240 nyuma. Si kila safari viti vya mbele hununuliwa vyote, na kila vinapobaki huzuka swali lile lile: nani aketi hapo? Langoni, dakika chache kabla ya mlango kufungwa, orodha ya wanaosubiri huwa na watu wa aina mbili. Wapo wafanyakazi wa shirika, ambao husafiri kwa tiketi za punguzo kubwa kwa sharti kwamba watapanda iwapo nafasi itabaki. Na wapo abiria waliolipa nauli ya daraja la kawaida, lakini ambao wamesafiri na shirika hilo mara nyingi kiasi cha kupewa kadi ya fedha, dhahabu au platinamu.

Nilifanya kazi langoni kwa miaka sita, na baadaye nikawa abiria mwenye kadi ya dhahabu, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za kaunta. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya wasomaji wawili: yule anayeandaa kanuni za shirika la ndege na anayetaka utaratibu atakaoweza kuutetea mbele ya wafanyakazi na wateja kwa maneno yale yale, na yule msafiri anayejiuliza kama inafaa kuendelea kununua tiketi za shirika moja kwa matumaini ya kukaa mbele siku moja. Mifano mingi naitoa Marekani, kwa sababu huko ndiko suala hili limeandikiwa kanuni zilizo wazi zaidi na ndiko limegombaniwa kwa muda mrefu zaidi.

Kwanza, aliye kazini asichanganywe na aliye likizoni

Mabishano mengi juu ya jambo hili huharibika mapema kwa sababu watu huwaweka wafanyakazi wote katika kapu moja. Rubani anayepelekwa mji mwingine ili akarushe ndege inayomsubiri huko hasafiri kwa hisani ya mtu. Yuko kazini, na mikataba mingi ya vyama vya marubani hueleza daraja analostahili kuketi katika safari ndefu. Akifika hajalala, abiria wengine mia mbili wataahirishiwa safari au watarushwa na mtu aliyechoka. Uchovu wa namna hiyo umewahi kuchunguzwa na vyombo vya dola. Ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilipoanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50, ilibainika kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kituo chake cha kazi Newark, na wachunguzi wakaandika kwamba huenda uchovu ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili, ingawa hawakuweza kupima ulichangia ajali kwa kiasi gani. Kwa hiyo mfanyakazi aliye kazini simwingizi kabisa katika mashindano haya. Akihitaji kulala ili akafanye kazi salama, kiti cha mbele ni sehemu ya vifaa vyake vya kazi.

Hata hivyo, haki yake ina mpaka, na mpaka huo ni wakati. Tarehe 9 Aprili 2017, katika ndege ya United Express iliyokuwa iondoke Chicago kwenda Louisville, abiria waliokwisha kuketi walitakiwa kushuka ili kuwapisha wafanyakazi wanne wa ndege waliohitajika kazini huko waendako. Mmoja alipokataa, maafisa wa usalama wa uwanja walimburuta hadi nje mbele ya simu za abiria wenzake. Viti hivyo vilikuwa vya daraja la kawaida, lakini funzo linahusu kila daraja, na United yenyewe ililikubali mwezi huo huo: ilitangaza kwamba wafanyakazi wake watawekewa nafasi angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, kwamba abiria aliyekwisha kuketi hataondolewa bila hiari yake isipokuwa kwa sababu za usalama, na kwamba fidia ya anayejitolea kubaki inaweza kufika dola 10,000. Anayehitaji kiti kwa ajili ya kazi ahesabiwe mapema, kabla matumaini ya mwingine hayajakaa juu ya kiti hicho.

Wanaobaki kulinganishwa, basi, ni mfanyakazi anayekwenda kwao kuona wazazi na abiria wa kadi ya dhahabu anayekwenda mkutanoni.

Walichoahidiwa

Programu za maili, yaani za kumpa abiria pointi kila anaposafiri na shirika, kama tunavyozijua leo zilianza kushamiri baada ya Marekani kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege mwaka 1978. Mashirika yalijikuta yakigombania wateja wale wale, na mwezi Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, United ikafuata ndani ya siku chache. Mwanzoni abiria alizawadiwa safari. Kupandishwa daraja kulikuja kuwa zawadi yenye mvuto zaidi kwa msafiri wa kazi, ambaye tiketi yake hulipiwa na mwajiri na ambaye hana haja kubwa ya safari nyingine ya bure, lakini mgongo wake unauhitaji sana ule upana wa kiti cha mbele.

Leo ahadi hiyo imeandikwa kwa saa. Katika safari za ndani ya Marekani, Delta huanza kuwapandisha wenye kadi za Diamond na Platinum saa 120 kabla ya ndege kuondoka, wa Gold saa 72, na wa Silver saa 24. Anayekosa huingizwa kwenye orodha ya langoni, na jina lake, likiwa limefupishwa, huonekana kwenye skrini pamoja na namba yake katika foleni. Ili kufika Diamond abiria hutakiwa kutumia dola 28,000 kwa mwaka kwa hesabu ya shirika. Mwezi Septemba 2023 Delta ilikuwa imetangaza dola 35,000, wateja wakapaza sauti kwa hasira kubwa, na mkuu wa shirika hilo, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba walikuwa wamevuka mpaka. Mwezi uliofuata kiwango kikashushwa. Natilia mkazo tukio hilo kwa sababu linaonyesha jinsi abiria hawa wanavyoichukulia kadi: wanaiona kama mkataba, na shirika lilipojaribu kuigusa lilijibiwa kama mtu aliyevunja mkataba.

Na fedha zenyewe zinaunga mkono msimamo wao. Janga la Uviko lilipositisha safari mwaka 2020, United iliweka programu yake ya MileagePlus kuwa dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8, na Delta ikakopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya SkyMiles. Mwaka uliofuata American ikakopa dola bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage. Mwaka 2023 peke yake Delta ilipokea dola bilioni 6.8 kutoka American Express, kampuni inayonunua maili ili kuwapa wateja wa kadi zake za benki. Shirika likiwa linaweza kukopa kwa kuweka rehani uaminifu wa abiria wake, haliwezi baadaye kusema kwamba uaminifu huo hauna thamani langoni.

Ahadi aliyopewa mfanyakazi ni ya namna nyingine, nayo ina uzito ambao abiria wengi hawauoni. Kwa miaka mingi mhudumu wa ndege wa Marekani hakulipwa kwa muda anaopandisha abiria. Saa zake zilianza kuhesabiwa mlango ulipofungwa. Delta ilianza kulipa muda huo mwezi Juni 2022, kwa nusu ya kiwango cha saa, na American ikakubali jambo hilo katika mkataba wa 2024. Mtu anayekubali kazi ya sikukuu zisizo na nyumbani huzihesabu safari za nafuu kuwa sehemu ya mshahara wake, na waajiri wenyewe huzitaja katika matangazo ya kazi. Anayesema kwamba mfanyakazi anapewa bure hajawahi kuona hati yake ya malipo ya mwezi.

Lakini tusome maneno ya ahadi hiyo yalivyo. Mfanyakazi ameahidiwa nafasi katika ndege iwapo itabaki. Daraja la mbele ni ziada juu ya ziada. Sheria ya kodi ya Marekani, katika kifungu cha 132 kilichoingizwa mwaka 1984, husema jambo hili kwa ukali kuliko kanuni za mashirika: safari ya mfanyakazi haitozwi kodi endapo mwajiri hapati gharama kubwa ya nyongeza kwa kumpa huduma hiyo, na mapato ambayo mwajiri angeyapata kwa kuiuza huduma hiyo kwingine yanahesabiwa kuwa gharama. Yaani sheria yenyewe inamweka mfanyakazi nyuma ya mnunuzi yeyote. Swali linalobaki ni kama abiria wa kadi, ambaye hanunui kiti hicho siku ile lakini amekwisha kukilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima, ahesabiwe pamoja na wanunuzi. Mimi nasema ahesabiwe, lakini kwa sharti moja nitakalolieleza.

Usiku wa viti vitatu

Katika mwaka wangu wa pili langoni, katika shirika ambalo sitalitaja, tulikuwa na safari ya usiku yenye viti vitatu vilivyobaki mbele. Muda ulikuwa umetubana, na wafanyakazi wenzetu watatu walikuwa wamesimama kando ya kaunta wakiwa tayari, hawana mizigo ya kukagua tena. Niliwapa pasi za kupandia. Mzee mmoja mfanyabiashara, ambaye alisafiri nasi karibu kila mwezi na ambaye nilimjua kwa jina, aliona yote. Alisogea akaniuliza kwa sauti ya chini, “Dada, kwani hawa wamelipa?” Nikamjibu, “Samahani sana mzee, ndio utaratibu.” Akatoa kadi yake ya dhahabu na kile kijitabu kilichokuja nayo, akaniwekea kidole kwenye sentensi moja: mwenye kadi atapewa kipaumbele cha kupandishwa daraja nafasi ikipatikana.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu, kwa sababu kitabu chetu cha kanuni za safari za wafanyakazi kilitumia maneno yale yale: mfanyakazi ataketi daraja la biashara nafasi ikipatikana. Shirika lilikuwa limewaahidi watu wawili kiti kimoja, kwa maneno yale yale, kisha likamwachia msichana wa miaka ishirini na sita aamue ndani ya dakika nne. Aliyeamua kwa kweli ni urahisi. Mfanyakazi alikuwa karibu, nilimjua, na jina lake lilikuwa kwenye ukurasa niliokuwa nimeufungua. Kumpandisha mzee kungenilazimu kufungua ukurasa mwingine, kubadilisha kiti chake na kuchapa pasi upya. Miezi iliyofuata sikuliona tena jina la mzee yule kwenye orodha zetu.

Hilo ndilo sharti langu. Kipimo cha kwanza cha kuchagua kati ya hawa wawili ni maandishi: nani aliahidiwa kiti hiki kwa maneno mahususi, tena kabla ya siku ya safari? Ahadi ni deni, na deni huanza kulipwa kwa aliyelikopesha kwanza. Abiria aliyeambiwa kwamba kadi yake itampandisha alitumia fedha zake kwa kuyaamini maneno hayo. Akiwekwa nyuma ya mfanyakazi aliye likizoni, amedhulumiwa, hata kama mfanyakazi huyo ni mtu mwema na amechoka. Ambako abiria hakuahidiwa kitu, hakuna deni, na malalamiko yake ni matamanio tu.

Gharama ya kumpandisha kila mmoja

Hapa mfanyakazi ana hoja yenye nguvu kuliko zote, na ni haki isemwe kikamilifu. Mfanyakazi aliyeketi mbele hamfundishi mtu yeyote kusubiri. Hakuna siku ambayo mhudumu wa ndege angelitoa dola elfu kadhaa kununua kiti hicho, kwa hiyo kumpa hakuharibu soko. Abiria akizoea kupandishwa bila malipo hujifunza haraka kwamba hana sababu ya kununua daraja la biashara, na mwenzake aliyelinunua akiwaona watano waliopandishwa wameketi pembeni yake huanza kujiuliza alilipia nini. Ndiyo maana mashirika mengi ya Ulaya na ya Ghuba hayapandishi watu kwa kadi peke yake. Kiti cha mbele ama kinunuliwe, ama kilipiwe kwa maili, ama kibaki. Nako huko, kinapobaki, mara nyingi hukaliwa na mfanyakazi.

Mashirika ya Marekani nayo yameliona hilo, ila yamekuja na suluhisho ambalo halimpendelei mmoja wala mwingine. Kiti cha mbele siku hizi huuzwa hadi dakika za mwisho kupitia programu ya simu, kwa bei inayoshuka kadiri safari inavyokaribia. Baadhi ya mashirika mengine, kama Etihad ya Abu Dhabi, humwalika abiria kutaja kiasi anachoweza kuongeza, kisha huchagua kati ya waliotaja. Viongozi wa Delta wamewaeleza wawekezaji mara kadhaa jinsi hali ilivyogeuka: zamani viti vingi vya daraja la kwanza katika safari za ndani vilitolewa kwa abiria wa kadi bila malipo, sasa vingi vinauzwa. Abiria wa dhahabu anayemtazama kwa kinyongo mhudumu aliyeketi kiti cha pili mstari wa tatu kwa kawaida anamlaumu asiyehusika. Nafasi zake nyingi zilichukuliwa siku mbili kabla na abiria wengine walioongeza fedha kwenye simu zao. Wanaogombana langoni wanagombania makombo, na wote wawili wanapaswa kulijua hilo kabla ya kurushiana maneno.

Gharama ya chakula ni ndogo lakini inafaa kutajwa. Milo ya daraja la biashara hupakiwa kwa hesabu ya abiria waliopo saa chache kabla, kwa hiyo anayepandishwa dakika ya mwisho anaweza kukosa mlo wa daraja hilo. Mfanyakazi ameelekezwa kukubali hilo bila neno, tena kuchagua wa mwisho, abiria atauliza. Wahudumu walio zamu, kwa upande wao, huhudumia watu kumi badala ya sita bila nyongeza yoyote. Sijawahi kusikia kanuni ya kupandisha daraja iliyoandikwa kwa kuwauliza wao.

Na wale waliobebwa na mfanyakazi?

Tiketi za punguzo haziishii kwa mfanyakazi. Humfikia mwenzi, watoto na wazazi, na katika baadhi ya mashirika hata rafiki anayepewa tiketi ya hisani. Kwetu, ambako mzazi ni pamoja na mama mdogo na baba mkubwa, mpaka huo huvutwa sana. Mwezi Machi 2017 wasichana waliokuwa wakisafiri kwa tiketi za aina hiyo katika ndege ya United kutoka Denver walizuiwa kupanda kwa kuwa walivaa suruali za kubana, kinyume na kanuni ya mavazi ya wanaosafiri kwa jina la mfanyakazi. Watu wengi waliokasirika siku hiyo hawakujua kwamba tiketi hizo zina kanuni za pekee. Kanuni hizo zina sababu. Anayeketi kwa hisani ya shirika analiwakilisha shirika, anatakiwa avae na kusema kwa staha na ainuke bila kinyongo mnunuzi akitokea. Mfanyakazi mwenyewe hulielewa jambo hili kwa sababu kazi yake iko rehani. Rafiki yake halielewi.

Kwa hiyo hata ninapomwunga mkono mfanyakazi, simfungulii mlango kila anayesafiri kwa jina lake. Mwenzi na wazazi anaosafiri nao waketi naye ikiwezekana. Mwenye tiketi ya hisani, ambaye mfanyakazi hayupo naye, abaki nyuma na ashukuru kwa safari. Katika hili abiria wa kadi anamshinda waziwazi, iwe ameahidiwa au hakuahidiwa, na nisingependa mtu wa langoni aachiwe nafasi ya kuamua vingine, kwa sababu tiketi hizo ndizo hugeuzwa bidhaa na kuuzwa kwa siri kwa watu ambao mfanyakazi hata hawajui.

Kuna na mgombea wa tatu ambaye kanuni za Marekani hazimtaji lakini ambaye kila aliyefanya kazi langoni katika nchi zetu amekutana naye. Ni yule anayepigiwa simu kutoka juu: apandishwe, ni mtu wa fulani. Hana kadi, hana tiketi ya kazi, ana jina. Niliwahi kumwinua mfanyakazi mwenye miaka kumi na tisa kazini ili kumketisha mtu wa namna hiyo, na sikuwa na namba ya kanuni ya kumwonyesha mfanyakazi yule. Katika shirika linalomilikiwa na umma jambo hili lina ubaya wa ziada, kwa kuwa kiti kinachotolewa kwa simu ni mali ya walipa kodi wote. Orodha iliyo wazi kwenye skrini humlinda mtu wa langoni kuliko hotuba yoyote ya maadili, maana jina lisilokuwepo saa moja iliyopita likitokea juu ya orodha kila mtu analiona.

Kuchagua kwa aina ya shirika

Shirika linalouza uaminifu kwa kuahidi kupandisha daraja, kama yalivyo yale makubwa matatu ya Marekani katika safari zao za ndani, halina budi kuimaliza orodha ya wenye kadi kabla ya kumgusa mfanyakazi aliye likizoni. Kwa kanuni ndivyo yanavyofanya. Tatizo huwa katika utekelezaji, mtu wa langoni anapobanwa na muda, na dawa yake ni mfumo unaoipandisha orodha wenyewe dakika 45 au 30 kabla, bila kusubiri mkono wa mtu. Katika safari za kuvuka bahari hali ni tofauti hata kwa Delta: hapo kadi peke yake haimpandishi abiria hadi Delta One, yaani daraja la biashara la shirika hilo, anahitaji cheti maalumu au maili, na kwa hiyo kiti kinachobaki katika safari ya Atlanta kwenda Johannesburg kikikaliwa na mhudumu aliye likizoni hakijaibiwa kwa mtu.

Kwa mashirika ya ukubwa wa Kenya Airways na Air Tanzania, napendelea njia nyingine. Idadi ya viti vya mbele ni ndogo, safari ni ndefu, na kila kiti kinachotolewa bure kwa abiria kinamwonyesha mnunuzi wa kesho kwamba angeweza kusubiri. Ningependa mashirika ya aina hii yasiahidi kabisa kupandisha daraja kwa kadi. Yatoe badala yake vitu yanavyoweza kutimiza kila siku, kama mzigo wa ziada, ukumbi wa kupumzikia, kubadilisha tarehe bila adhabu, na vyeti viwili au vitatu kwa mwaka vya kupandia daraja ambavyo abiria huviweka kwenye safari anayoitaka na kujibiwa siku tatu kabla. Baada ya wanunuzi na wenye vyeti, kiti kinachobaki apewe mfanyakazi kwa ukongwe kazini. Delta na United hupanga wafanyakazi wao kwa ukongwe. American hupanga kwa saa ya kuandikisha safari, utaratibu unaomfaa mwenye simu ya kasi na kumnyima yule aliyekuwa angani akihudumia wengine orodha ilipofunguliwa. Ukongwe una kasoro zake kwa vijana, lakini kila kijana atakuwa mkongwe.

Hapo mfanyakazi atapanda mbele bila kuhitaji kujificha, na abiria hatakuwa na kijitabu cha kuninyooshea kidole. Sentensi ya “nafasi ikipatikana” ifutwe katika vitabu vyote viwili, na mahali pake paandikwe nani anatangulia nani, kwa majina ya makundi na kwa dakika.

Kwa msafiri

Ukiwa unatafuta kukaa mbele, soma kanuni ya shirika lako kabla ya kufukuzia kadi. Angalia kama imetaja saa ya kupandishwa, safari zinazohusika na foleni ilivyopangwa. Isipotaja, ichukulie kwamba haipo. Usidhani kadi ya shirika moja itakupandisha kwa jingine. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam, umoja wa mashirika ya ndege ambao Delta nayo imo, tangu 2010, na mwenye hadhi ya juu ya umoja huo anapounganisha safari New York kwa ndege ya Delta atapata ukumbi wa kupumzikia, kipaumbele cha kupanda na mzigo wa ziada. Kupandishwa daraja bila malipo hakumo katika stahili za umoja huo. Niliwaona wasafiri wengi kutoka nyumbani wakisimama mbele ya skrini ya langoni wakitafuta majina yao katika orodha ambayo hayangeweza kuwamo.

Safari ya Nairobi hadi New York ni ya saa kumi na tano hivi. Mwenye kuhitaji kulala katika saa hizo, kwa sababu ya afya au kazi inayomsubiri asubuhi, atumie maili zake kuomba kupandishwa siku ile ile anayokata tiketi, au aongeze fedha mapema bei ikiwa bado ya chini. Kufika langoni na kadi mkononi na matumaini moyoni ni kuingia katika foleni ambayo mbele yake wapo walionunua jana, wenye vyeti, marubani wanaokwenda kazini, na pengine mhudumu mwenye miaka ishirini kazini anayekwenda kumwuguza mama yake.